Si Mwani, ni Mnyama: Somo Juu ya Wageni Wanaokuja na Meli

Somo la safari hii linaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja baada ya kikao cha akina mama wanaouza kaa, huku upande wa Mokowe, mama mmoja aliniletea kipande cha kamba ya nailoni. Kamba hiyo ilikuwa ya boya la lema la mumewe, na lema lilikaa kwenye mkono wa bahari pale maji ya mvua yanapokutana na maji ya chumvi. Ilikuwa imeota ndevu. Ndevu za hudhurungi, laini, zenye matawi, ndefu kama kidole. "Dada," akaniuliza, "huu ni mwani gani? Mume wangu asema huu hatuujui." Mimi nilikuwa nimechoka, mashua inaningoja. Nikamjibu, "Ah, mama, ni uchafu tu. Sugua itatoka." Akaenda gatini akasugua, na ndevu zote zikaingia majini.

Miezi kadhaa baadaye nilikaa kwenye semina ya watu wa mazingira, na mwalimu akatuonyesha picha za viumbe wanaosafiri na meli. Picha ya tatu au ya nne nikashtuka: ndevu zile zile! Mwalimu akasema, "Hii si mimea. Huyu ni mnyama, anaitwa haidroidi."

Sisemi kwamba kilichokuwa kwenye kamba ile ni mgeni. Bahari yetu ina haidroidi wake wa asili, na baadhi yao wavuvi wanawajua vizuri kwa vile wanavyowasha mkono. Lakini hapo ndipo kosa langu lilipo. Mzee yule amevua mahali pamoja miaka mingi, ameona kitu asichokijua, akatuma mke wake aulize. Na mimi niliyesoma nikamwambia asugue. Ushahidi ukaenda na maji. Basi nimeona nirudishe deni hilo kwa kuandika somo.

MNYAMA MWENYE MATAWI

Haidroidi ana shina, ana matawi, ameshika mahali pamoja wala hatembei. Ndiyo maana kila mtu humwita mwani. Tofauti ni kwamba mwani huishi kwa mwanga wa jua, na huyu hula nyama. Kwenye ncha ya kila tawi kuna kichwa kidogo sana chenye mdomo, na kuzunguka mdomo kuna minyiri kama ya pweza, ila ni myembamba kuliko uzi wa kushonea. Ndani ya minyiri mna sumu, ya namna moja na ya konyeza, kwa sababu hawa ni jamaa. Kidudu cha majini kikipita karibu kinachomwa, kinashikwa, kinamezwa. Na matumbo ya vichwa vyote yameunganishwa na shina moja, hivyo kichwa kilichopata kinalisha na kile kilichokosa. Ingekuwa ni kikundi cha kuweka na kukopa, tungekisifu.

Anayesemwa zaidi katika habari hii ya uhamiaji anaitwa Cordylophora caspia. Kwao ni Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi, na mtaalamu aitwaye Pallas alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1771. Tangu karne ya 19 amekutwa kwenye mito na bandari za Ulaya ya magharibi, kisha Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand. Amekutwa pia katika mfereji wa Panama, ambako maji ni ya joto kama yetu. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba huyu ni wa nchi za baridi tu.

Na tusidhani kwamba kila mgeni hutoka ng'ambo kuja Afrika. Haidroidi mwingine, Moerisia lyonsi, aliandikwa mwaka 1908 kutoka Ziwa Qarun kule Misri, na baadaye akaripotiwa katika hori kubwa la Chesapeake nchini Marekani. Sisi pia tumepeleka.

Kwa nini hawa hupenda milango ya mito na mahori? Fikirini hivi. Maji ya bahari kuu yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita. Maji ya mto karibu hayana. Pale yanapochanganyika, chumvi hupanda na kushuka kila siku kwa kujaa na kupwa, na hubadilika tena masika yakija. Samaki wengi wa bahari hawawezi kukaa hapo siku zote, na wa mtoni hawawezi pia. Ni nyumba yenye vyumba vingi vitupu. Cordylophora anaweza kuishi katika maji matamu kabisa, anaweza kuvumilia chumvi ya bahari, lakini anastawi hasa katika maji haya ya chumvichumvi. Akifika, anakuta vyumba vinamngoja.

Ana hila nyingine mbili. Ya kwanza, kipande chake kikikatika kinaweza kushika mahali pengine na kuota upya. (Sasa mnaelewa kwa nini kusugua gatini kunanisumbua mpaka leo.) Ya pili, hali ikiwa mbaya, vichwa hufa vyote, na uhai unajificha ndani ya shina kama kiazi ardhini. Ukiangalia utasema amekufa. Maji yakiwa mazuri, anachipuka.

FARUMI YA ZAMANI NA FARUMI YA LEO

Wazee wa Matondoni waliojenga majahazi hawahitaji kufundishwa farumi ni nini. Chombo kisicho na shehena hulala upande, kwa hiyo hutiwa mawe au mchanga ngamani ili kitulie. Meli za chuma zina haja hiyo hiyo, ila tangu mwisho wa karne ya 19 zimeacha mawe na kutumia maji. Meli ikishusha mizigo bandari moja, inavuta maji ya hapo hapo kwenye matangi yake, tani elfu kadhaa, na meli kubwa za mafuta hata makumi ya maelfu. Ikifika bandari nyingine kupakia, inayamwaga.

Mawe hayana mayai. Maji yana mayai, yana vitoto vya kaa na chaza, yana konyeza wadogo, yana tope linalotuama chini ya tangi pamoja na vilivyomo. Na bandari nyingi duniani zimejengwa kwenye mahori na milango ya mito. Kwa hiyo meli huvuta maji ya chumvichumvi huku na kumwaga kwenye maji ya chumvichumvi kule. Ni sawa na kumtoa mtu mlangoni kwake ukamshusha mlangoni kwa jirani.

Njia ya pili ni mwili wa meli wenyewe. Kila kitu kinachokaa majini huota: chini ya meli, kwenye nanga, kwenye matundu ya kuvutia maji. Hatari zaidi ni vyombo vinavyokaa mahali pamoja kwa miezi, kama mitambo ya kuchimba mchanga na mabwawa ya chuma yanayokokotwa, kwa sababu vinaota sana, kisha vinavutwa polepole hadi nchi nyingine.

Na siku hizi kuna ya tatu. Wengi wenu mliona Flipflopi, ile mashua iliyoundwa hapa kwetu Lamu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, ikazinduliwa mwaka 2018 na kwenda hadi Unguja mwaka 2019. Wale waliookota ndara ufukweni watakuambia: ndara iliyokaa baharini muda mrefu huja imeota. Haidroidi ni miongoni mwa wale wanaopanda plastiki inayoelea. Zamani gogo au kifuu kilielea kikaoza kikazama. Ndara haiozi.

WENZETU WALIOUMIA

Mfano mkubwa unaofundishwa si wa haidroidi bali wa kiumbe laini kama konyeza aitwaye Mnemiopsis leidyi. Alitoka pwani ya Amerika akaingia Bahari Nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wanasema aliletwa na maji ya farumi. Alikula vidudu ambavyo dagaa wa kule hula, akala na mayai na vitoto vya dagaa wenyewe. Kufikia 1989 na 1990 uvuvi wa dagaa ulikuwa umeanguka, na wavuvi wa Uturuki na nchi za jirani wakabaki na nyavu tupu. Ni haki kusema pia kwamba uvuvi ulikuwa umezidi tayari kabla yake. Mgeni alikuta nyumba imeshadhoofika. Nafuu ilikuja mwaka 1997 alipoingia kiumbe mwingine, Beroe ovata, ambaye chakula chake ni huyo wa kwanza. Haikuwa kazi ya serikali wala ya mtaalamu. Ilikuwa bahati, na mtu hapangi shamba lake kwa kungojea bahati.

Cordylophora mwenyewe hajaua uvuvi wa nchi nzima namna hiyo. Madhara yake ni ya kimyakimya. Anaziba mabomba: karibu na Chicago, mitambo ya umeme inayovuta maji ya ziwa imelazimika kutafuta namna ya kumtoa kwa maji ya moto na klorini. Anakula vidudu vidogo ambavyo vitoto vya samaki vingekula. Na mashina yake huwa makao ya wageni wengine.

Kwa ambaye bado anaona haya ni ya mbali, namkumbusha kunguru. Yule kunguru wa Bara Hindi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja miaka ya 1890, akaonekana Mombasa mwaka 1947. Mwanzoni alikuwa ndege wawili watatu wa kuchekesha. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Milioni moja! Na huyo ni ndege, unamwona juu ya paa akikuangalia. Mnyama wa majini wa ukubwa wa kidole utamhesabu vipi?

LAMU YETU

Bandari mpya ya Kililana, kwenye hori la Manda, ilipokea meli yake ya kwanza tarehe 20 Mei 2021. Gati za mwanzo ni 3, na mpango ni kufikia 23. Mradi wote wa LAPSSET ulipozinduliwa Machi 2012, ulitaja pia bomba la mafuta ghafi kutoka Sudan Kusini hadi hapa. Angalieni jambo hili, maana watu wengi hulipindua: bandari ya kushusha mizigo hupokea farumi kidogo, kwa sababu meli zinakuja zimejaa. Bandari ya kupakia ndiyo hupokea farumi nyingi, kwa sababu meli zinakuja tupu. Meli ya kuchukua mafuta huja imejaa maji ya kwingine.

Na yanamwagwa wapi? Karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Kutoka Mkanda hadi Mongoni na Dodori, kuzunguka Pate hadi Kiunga, mizizi hiyo ndiyo kitanda cha vitoto vya kaa, kamba, mkizi na tafi. Sehemu kubwa ya mwaka maji yetu ni ya chumvi kamili, lakini masika yakinyesha bara, mahori yanapoa chumvi. Na kule kusini, Kipini, mto Tana unamwaga maji mwaka mzima. Mashua zetu zinakwenda huko na kurudi. Wazee wa Kipini wanajua vizuri zaidi yetu jinsi maji yanavyounganishwa: ni mfereji wa Belazoni, uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19, uliofanya Tana utokee kwao kupitia mto Ozi. Watu walichimba njia ya mitumbwi, mto ukaifuata wenyewe.

Kuna jambo lingine la Lamu, nalo ni la haki. Mwaka 2012 wavuvi na wananchi wa hapa walikwenda mahakamani kuhusu bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Yaliyofuata kuhusu malipo wengi wenu mnayajua kuliko mimi, siyarudii. Ninachotaka mkione ni hiki: kila mara mvuvi anapodai, anaulizwa palikuwaje kabla. Malema yalitoa kilo ngapi? Kulikuwa na samaki gani? Kwa mgeni wa majini swali ni hilo hilo. Tukisema mwaka 2035 kwamba kitu hiki kimeletwa na meli, tutajibiwa, "Nani kasema hakikuwapo siku zote?" Na kama hakuna aliyeandika, atakuwa ametushinda kwa neno moja.

SHERIA IPO

Mwaka 2004 mataifa yalikubaliana mkataba wa kudhibiti maji ya farumi, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 8 Septemba 2017. Kenya ni mwanachama. Mwanzoni meli zilitakiwa kubadilisha maji katikati ya bahari kuu, maili 200 za baharini kutoka nchi kavu na penye kina cha mita 200 au zaidi. Hoja yake ni nzuri: viumbe wa horini hufa katika bahari kuu, na wa bahari kuu hufa horini. Udhaifu wake ni tope la chini ya tangi, ambalo halitoki lote, na viumbe wanaovumilia chumvi ya kila namna, kama huyu wetu. Kwa hiyo tangu 8 Septemba 2024 meli zinatakiwa kusafisha maji kwa mtambo uliomo ndani ya meli, hadi wabaki viumbe hai chini ya 10 wa ukubwa unaopimwa katika kila mita moja ya ujazo.

Mwili wa meli je? Huko kuna miongozo tu, ya mwaka 2011 iliyorekebishwa 2023, nayo ni ya hiari. Maji yamewekewa sheria, ngozi imeachiwa ushauri. Mimi naona hapo pana tundu, tena si dogo.

Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, ndiyo yenye kazi ya kukagua meli kwa niaba yetu. Viongozi wa BMU wakiwa na kikao na maofisa, waulize waziwazi: daftari la farumi la kila meli linaangaliwa? Sampuli zimechukuliwa mara ngapi Kililana? Hilo si swali la uadui. Ni swali la mwenye nyumba.

DEHENI NA FAIBA

Lakini mkataba hauangalii mashua ya kwenda Kipini. Huko tuko wenyewe.

Nilimwuliza fundi mmoja mzee jinsi walivyotunza vyombo. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: chombo hupwelezwa wakati wa bamvua, maji yakitoka kinakwanguliwa, kisha kinapigwa moto wa makuti chini yote, halafu kinapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Wao walikuwa wanaua wadudu wa kutoboa mbao. Lakini hakuna haidroidi atakayepona moto ule, hata yule aliyejificha shinani. Bila kujua, walikuwa na karantini.

Boti la faiba huwezi kulipiga moto. Kwa hiyo vijana hulikwangua likiwa majini au ukingoni, na takataka zote hubaki pale pale. Kulianika siku moja hakutoshi, kwa sababu nimewaeleza anavyojificha. Ushauri ni huu: lipandisheni juu ya alama ya maji ya bamvua, tandikeni turubai, kwangueni hapo, na mkusanye takataka mchome au mzike nchi kavu. Kamba, maboya na nyavu kuukuu zinazonunuliwa kutoka bandari nyingine zifanyiwe hivyo hivyo kabla ya kuguswa na maji ya huku. Najua boya la mtumba ni rahisi na pesa ni taabu. Sikatazi kununua. Nasema lioshwe kwa maji ya moto, mbali na bahari.

KAZI YA VIKUNDI

Wataalamu wanapotaka kujua bandari ina wageni, hawazamii kila mahali. Wananing'iniza vibao majini wanangoja viumbe wenyewe waje kushika. Kazi hiyo hata sisi tunaiweza. Chukueni kipande cha plastiki ngumu au kigae cha sakafu, ukubwa wa kitabu cha shule, mkitoboe, mkifunge kwa kamba chini ya gati au boya, kiasi cha mita moja chini ya maji ya kupwa, ili kisikauke. Kimoja kiwe karibu na mahali vyombo vikubwa vinapopita, kingine mbali, ndani ya mikoko, ili mlinganishe. Mkitoe baada ya miezi mitatu. Ni vizuri kimoja kikae kaskazi na kingine masika, kwa kuwa maji si yale yale.

Kikitoka, kwanza pigeni picha kwa simu kikiwa ndani ya sahani ya maji ya bahari, kwa sababu haidroidi akitolewa hujikunja na hafanani tena. Kisha kateni kipande mtie kwenye chupa ya spiriti. Karatasi ya maelezo iingie ndani ya chupa, iandikwe kwa penseli maana wino hufutika: tarehe, mahali, kina, jina la aliyetoa. Kibao chenyewe kisirudishwe majini. Chupa zikiwa tano sita, tutaomba zipelekwe KMFRI Mombasa, ambako wapo wasomi wa kutambua spishi. Msitaje kitu kuwa mgeni kabla hawajajibu, na msiogope wakijibu ni wa asili. Hilo nalo ni jibu la kuandikwa daftarini.

Tena kaeni na wazee wavuvi jioni moja, mwandike yale ambayo hawakuwahi kuyaona zamani na sasa wanayaona, na yale waliyokuwa wakiyaona na sasa hawayaoni. Waulizeni mwaka. Kama hawakumbuki mwaka, ulizeni ilikuwa kabla ya El Nino ya 1997 au baada yake, kabla ya mitambo ya kuchimba hori au baada. Akina mama waulizwe peke yao, kwa sababu wao ndio wanaosafisha kamba na malema, na mbele ya waume wengi hunyamaza.

Yule mama wa Mokowe nilimrudia nikamwomba radhi. Alicheka sana. Akasema kamba nyingine ya mumewe iko pale pale horini, na akiitoa hataisugua. Nimemwachia chupa.